Bi Pimbi na Vyungu vya Kura

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo Fisi alikuwa na mke wa ndoa na Pimbi alikuwa na jiko lake la mafiga matatu, wanyama wa Jimbo la Mawe Mapana waliamua mambo yao yote kwa kura. Nani anywe maji asubuhi? Kura. Nani apite njia ya juu? Kura. Kila mnyama alipewa kijiwe kimoja cheupe, akakitia chunguni, basi.

Na palipo na kura pana mwenye kuzihesabu. Huyo walimwita Mwenye Vyungu, mkubwa wa uchaguzi wa jimbo zima. Alikuwa Kobe, Mungu amrehemu, na alipokufa nafasi yake ikakaimiwa na nani? Na Bwana Fisi! Kaimu, wanangu, ni mtu aliyeambiwa akae kidogo mpaka mwenyewe apatikane. Fisi alikaa mpaka kiti kikashika umbo la makalio yake.

Kiangazi kilichopita wanyama wadogo walipiga kura ili wao wanywe maji asubuhi, kabla Kiboko na Nyati hawajaivuruga chemchemi ikawa tope. Wadogo ndio wengi, kila mtu anajua. Lakini Fisi alipohesabu, ati wakubwa wameshinda! Bi Pimbi akawanywesha wanawe tope kiangazi kizima. Kitindamimba wake, Tatu, akaugua tumbo nusura wamzike. Kila Bi Pimbi alipoziona mbavu za yule mtoto, moyo ulimuuma upya.

Basi siku Mzee Tembo, mwenyekiti wa jimbo, alipotangaza kwamba atachaguliwa Mwenye Vyungu mpya, Bi Pimbi akaruka juu ya jiwe.

"Nagombea!"

Kiboko alicheka mpaka maji yakamtoka puani. "Kwa! Kwa! Kwa! Wewe? Chungu kikikuangukia tutakukusanya kwa kijiko!"

"Mtanikusanya tu, Bwana Kiboko. Lakini nagombea."

"Na mimi nagombea," akasema Fisi kwa sauti ya asali. "Wananchi wamenisihi sana."

"Wananchi gani?" akadakia Bi Kanga, jirani yake Bi Pimbi, ndege ambaye kinywa chake hakijawahi kupata likizo. "Mimi sijakusihi! Halafu, Mzee Tembo, vyungu atalinda nani?"

Mzee Tembo akakohoa. "Mila inasema vyungu hulindwa na Mwenye Vyungu. Na kwa sasa kaimu ni Bwana Fisi."

"Yaani Fisi alinde bucha!" Bi Kanga akapiga kelele. Wanyama wakaguna mmmh, lakini mila ni mila.

Sasa sikilizeni vyungu vyenyewe vilivyokuwa. Vilikuwa viwili, vimefukiwa ardhini mpaka shingoni, katikati ya boma la miiba. Midomo yake ilikuwa myembamba, mkono haupiti. Wazee waliomfikiria mwizi walivitengeneza hivyo, asiweze kuchota wala kubeba. Mbele ya kila chungu huchomekwa alama ya mgombea. Ya Fisi ilikuwa mfupa, na ya Bi Pimbi ilikuwa tawi bichi.

Bi Pimbi alikuwa na macho, wanangu. Siku ile ya kura ya maji alikuwa ameona jambo: udongo wa mbele ya vyungu ulikuwa umetifuliwa, kama mtu aliyeng'oa kitu akakichomeka upya. Hakusema. Nani angemsikiliza?

Siku ya uchaguzi ikafika. Wanyama wakapanga foleni toka alfajiri. Mzee Tembo akagawa vijiwe, Fisi akakaa mlangoni mwa boma, kifua mbele. Mnyama mmoja mmoja aliingia peke yake, akatia chake, akatoka.

Bi Pimbi akapita kwenye foleni ya wadogo akinong'ona sikio hadi sikio. "Tia penye mfupa. Tia penye mfupa."

Kicheche akamtazama. Digidigi akamtazama. Lakini walimjua Bi Pimbi, wakaitikia kwa kichwa. Ila Bi Kanga!

"ATI TUTIE PENYE MFUPA WA FISI?"

Lahaula! Fisi akageuka mlangoni, masikio wima. "Umesema nini, Bi Kanga?"

Bi Pimbi akawahi kudakia. Akacheka haraka, kwikwikwi! "Anaogopa, Bwana Fisi! Anauliza, je, tukitia penye mfupa wako hatutakufa kwa harufu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fisi akanuna, akageukia mlango wake. Bi Pimbi akamvuta Bi Kanga kando kwa bawa.

"Dada, umerukwa na akili?" Bi Kanga akanong'ona, na kunong'ona kwake ni kupiga kelele kwa wengine. "Tukimpa yeye kura, wewe utashinda vipi?"

"Chungu hakiwezi kuibwa, sivyo? Hakitoki ardhini. Lakini alama hutoka. Fisi akishaona ameshindwa, atauhamishia mfupa wake kwenye chungu changu, na tawi langu kwenye chake. Sasa kama kura zetu tayari ziko kwenye chake?"

Bi Kanga akafungua mdomo. Akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani.

Kufikia adhuhuri wote walikuwa wamepiga kura, wadogo na wakubwa. Jua likawaka kweli kweli. Kwa desturi, kura huhesabiwa jua likipoa, na kabla ya hapo kila mnyama hutafuta kivuli chake akalala. Bi Pimbi akajilaza nyuma ya jiwe lililotazama boma, jicho moja limefumbwa, jingine wazi.

Akangoja. Fisi alikaa mlangoni. Akapiga miayo. Akajikuna. Halafu akafanya nini? Akalala! Akaanza na kukoroma, khorrr, khorrr!

Bi Pimbi akafumbua na jicho la pili. Je, ikiwa leo Fisi haibi? Kura zote zimo penye mfupa, zake, za Kicheche, za Digidigi, za watu wote waliomwamini! Vyungu vikifunguliwa hivyo hivyo, Fisi atashinda kihalali, na Tatu atakunywa tope mpaka ukubwani kwake, ikiwa ataufikia.

"Ewe Mola," akalia moyoni, "miaka yote hii alikuwa na nafasi ya kuwa mwema, kaiona leo!"

Lakini Pimbi si wa kufa na lake moyoni. Akainuka, akaenda chini ya kivuli walikolala wenzake, karibu kabisa na boma, akapiga makofi pa! pa! pa!

"Amkeni, amkeni! Mnalalaje siku ya harusi? Bi Kanga, bandika chungu cha ushindi! Digidigi, leta ngoma!"

"Mbona hawajahesabu?" akauliza Digidigi, macho mekundu kwa usingizi.

"Wahesabu nini? Hukuwaona wadogo walivyojaa? Tumemgaragaza!" Akaanza kuimba, na sauti ya pimbi, wanangu, mwili mdogo lakini inavuka mabonde:

"Fisi mwaga unga, tumekwisha kula,
Kiti chako moto, kesho tunakaa!"

"Na yeye tutampa kazi gani?" Bi Kanga akauliza, mara hii kwa makusudi.

"Afagie boma! Na mkewe tutamwajiri atusugulie vyungu!"

Wadogo wakacheza, vumbi likatimka. Kule mlangoni kukoroma kukakatika. Jicho moja la Fisi likafunguka. Likatazama kulia, likatazama kushoto. Halafu nyatu, nyatu, nyatu, Bwana Kaimu huyoo akaingia ndani ya boma.

Bi Pimbi aliendelea kuimba, sikio moja liko bomani. Kutoka ndani kikasikika kitu kikichomoka, pwa! Kikachomoka na kingine, pwa! Fisi akatoka akirambaramba midomo, maana hakuweza kuushika mfupa bila kuutafuna kidogo. Akakaa mahali pake. Akafunga macho kama mtoto aliyeshiba.

Jua lilipopoa, jimbo zima likakusanyika. Mzee Tembo akachimba kwa pembe zake, akachomoa chungu chenye mfupa mbele yake. Fisi akajinyoosha, akampa mkewe mkono amshike. Tembo akapindua chungu.

Kolo!

Kijiwe kimoja. Kikabingirika, kikasimama mbele ya miguu ya Fisi.

Bi Kanga akatazama mawingu kwa bidii sana. Kumbe yeye, pamoja na kuelezwa kote kule, alisahau akatia penye tawi.

Tembo akachomoa chungu chenye tawi. Vijiwe vikamwagika shaaa! Vikajaa, vikafurika, watoto wakavikimbilia.

"Bi Pimbi ameshinda!"

"Ngoja!" Kiboko akanguruma. "Mimi nilimpa Fisi kura! Kwa mkono wangu huu!"

"Na mimi!" akasema Nyati. "Tulikuwa kundi zima!"

Mke wa Fisi akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe. "Na mimi mkeo nilikupa. Kura yangu iko wapi, Baba Fulani?"

Fisi akaruka. "Mmeniibia! Vile vijiwe ni vyangu! Alama zime..."

Akajing'ata ulimi.

"Zimefanywa nini?" akauliza Mzee Tembo polepole. "Sema tu, Bwana Kaimu. Wewe ndiye uliyelinda. Kuna aliyeingia bomani baada ya kura?"

Fisi akapiga hesabu. Akisema yupo aliyeingia, basi alilala kazini. Akisema alama zimehamishwa, basi ataulizwa amejuaje. Akamtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi alikuwa anamtazama kwa upole, kama muuguzi.

"Hakuingia mtu," akasema Fisi kwa sauti ya mgonjwa.

"Kwa hiyo hesabu ni halali?"

"Ni... ni halali."

"Basi mpe mwenzio hongera."

Ilimchukua muda neno hilo kumtoka, lakini lilimtoka. Kiboko na Nyati wakamfuata nyuma akienda zake, na mkewe akawafuata wote akiuliza habari za kura yake.

Amri ya kwanza ya Bi Pimbi ilikuwa kwamba mgombea asilinde vyungu, hata awe yeye mwenyewe. Kisha kura ya maji ikapigwa upya, ikahesabiwa mchana kweupe mbele ya kila mwenye macho. Asubuhi iliyofuata Tatu alishuka chemchemini na wadogo wenzake, akainama, akanywa maji meupe mpaka tumbo likawa ngoma, na mama yake akasimama pembeni analia kwa furaha wala hajifichi.

Hapo ndipo nilipofikia, wanangu, na neno lake ni hili: anayezoea kuiba, iko siku atajiibia mwenyewe.