Mwanzi wa Kutazamia Sayari

Mwaka huo jua lilikausha mabwawa yote, kikabaki kisima kimoja tu, na wanyama wakawa wanakunywa hapo kwa zamu. Zamu ya Fisi ilikuwa ya mwisho, kwa hiyo mara nyingi alikunywa tope. Kiu ilimtesa hadi akasahau kucheka.

Ndipo Sungura akatokea na kipande cha mwanzi, mtaalamu mzima.

"Jamani, nimegundua sayari! Ina mito, ina majani, ina mbuzi wanene wasio na mwenyewe. Anayetaka kuhamia aniachie zamu yake ya kisima."

Aliiona saa ngapi? Saa saba mchana, jua la utosi. Hakuna aliyeuliza, wasomi hawasumbuliwi kwa vitu vidogo kama hivyo.

Simba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kushindwa jambo, akaweka jicho kwenye mwanzi. Giza tupu.

"Naam," akanguruma, "naiona vizuri sana. Hata kiti changu cha enzi nimekiona."

Baada ya hapo nani abishe? Fisi aliposikia mbuzi, alitoa zamu yake mbio mbio, na ya mkewe pia, bila kumwuliza.

Siku tatu zikapita. Safari ilikuwa "bado inapangwa", na mpangaji wake, Sungura, alikuwa anaoga kisimani. Fisi, ulimi umemkauka, akauona mwanzi umeachwa kando. Alitaka kuwaona mbuzi wake tu, maskini. Akachungulia: giza. Akaunusa. Njaa ikamshinda, akautafuna.

Ukapasuka katikati. Ndani, kwenye pingili, ulikuwa umeziba kabisa, haukuwahi kutobolewa.

"Ala! Sungura, ulitazama kupitia wapi?" Fisi akapiga yowe, machozi yakimtoka. "Mke wangu ana siku tatu hajanywa!"

Wanyama wakaja mbio, wakauona mwanzi, kisha wote wakamgeukia Simba. Simba akakohoa. Akubali kwamba alidanganywa? Thubutu!

"Sayari ipo," akasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Na mgunduzi hutangulia. Sungura, unaondoka sasa hivi."

"Mfalme wangu, njia siijui!"

"Si wewe ndiye mtaalamu? Utaipata."

Wakamsindikiza hadi jangwani, kwa vigelegele na makofi ya kisogoni. Fisi hakusindikiza mtu. Alikuwa kisimani, kichwa kimezama hadi masikio, mkewe akimsukuma ampishe.

Basi nawe unayewasifia wenzako nchi usiyoijua, funga mizigo yako mapema.