Mama wa Moto na Njuga ya Mbonea

Paukwa.

Pakawa.

Hamjaitikia wote. Wa nyuma kule bado mnatafuna. Paukwa.

Pakawa.

Chungu?

Cha bibi.

Nani kakivunja?

Hatumjui.

Basi tulieni, leo mtamjua.

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji mlimani, kijiji cha wafinyanzi. Wanaume walilima na kuchunga. Wanawake walichimba udongo, wakaukanda, wakafinyanga. Kanda, kanda, kanda. Lainisha kwa kokoto, anika kivulini, subiri. Na kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete. Huyo ndiye ninayetaka mmkumbuke. Alikuwa mama wa moto. Mama wa moto kazi yake ilikuwa moja: alipita katikati ya vyungu vilivyoanikwa, akakigonga kila kimoja kwa kidole, akasikiliza. Kikilia ngo, alisema, "Kimekauka." Kikilia bu, alisema, "Bado." Neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuna mwanamke aliyegonga baada yake. Hivyo ndivyo walivyorithi, na kugonga baada ya mama wa moto kulikuwa sawa na kumwita mwongo.

Sasa sikilizeni vizuri.

Mwaka mmoja mfalme alikuwa anamwoza binti yake. Akataka vyungu arobaini vya pombe. Vikafinyangwa, vikaanikwa. Siku mbili kabla ya kuchoma, manyunyu yakaingia bandani, yakavilowesha. Nakiete akagonga. Bu. Akagonga kingine. Bu. Wajumbe wa mfalme wamesimama pale, wanamtazama, wanamwita mama mkubwa, mikono yao imejaa zawadi. Nakiete akapenda kuitwa mama mkubwa. Akasema, "Vimekauka."

Wakavipanga, wakavifunika kwa kuni na majani makavu, wakawasha.

Pa. Pa. Pa-pa-pa.

Vyungu arobaini, hata kimoja hakikubaki. Wanawake wakashika vichwa. Nakiete akasimama mbele ya vigae. Akasema maneno matatu tu. Akasema, "Nani amepita hapa?"

Hakumtaja mtu. Aliuliza tu. Lakini macho ya watu yakageuka, yakamkuta msichana mmoja njiani, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Jina lake Mbonea.

"Huyo hapo. Amepita. Ameutazama moto."

"Ana jicho baya."

Nakiete akanyamaza. Na mimi ninayewasimulia siwezi kumcheka, maana nami nimewahi kunyamaza mahali ambapo neno langu moja lingemwokoa mtu. Mungu anisamehe.

Mbonea akafungwa njuga mguuni, ili akipita watu wasikie, wafunike vyungu vyao. Nyumba yake ikawekwa ng'ambo ya kijito. Asisogee penye moto. Asiuziwe chungu kipya, maana chungu kilichotazamwa naye, walisema, kitavipasua na vingine vilivyobaki bandani. Mbonea akawa anapikia kigae. Akienda kuchota maji, cheng'e, cheng'e, cheng'e. Akirudi, cheng'e, cheng'e, cheng'e. Wanawake wanakimbilia vitambaa.

Alipata mume, mtu wa upande wa pili wa mlima, aliyempenda hivyo hivyo na njuga yake. Wakapata binti, Nanzia. Kisha homa ikamchukua yule mume. Na njuga, mjue, mtoto huirithi. Akifika umri wa kubeba mtungi, naye hufungwa.

Ikatimia miaka kumi na miwili tangu Mbonea afungwe njuga.

Ndipo akaja mwalimu wa dini, Mwalimu Elieza. Alikuja kwa miguu, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na kitabu kimeviringishwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Mvua ikamkuta, akajibanza kwenye banda la vyungu. Akaketi juu ya chungu kilichoanikwa. Kikavunjika.

"Huyu Mungu wake amemleta atumalizie vyungu," akasema Kiondo. Kiondo alikuwa fundi wa pili baada ya Nakiete, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kuchunia.

"Mama, nisamehe," akasema mwalimu. "Nilidhani ni kigoda."

"Kigoda chenye mdomo umekiona wapi?"

Wakacheka, na kwa kucheka wakamwacha akae. Mvua ikinyesha, anawasimulia. Akawasimulia habari za Yesu, mwana wa seremala, jinsi alivyowagusa watu ambao hakuna aliyetaka kuwagusa. Jinsi alivyouawa na hakuwa na kosa, wakati wenye kosa wamesimama pembeni wamenyamaza.

Nakiete aliacha kukanda. Mikono yake ikabaki ndani ya udongo.

Siku nyingine akaja tena kusikiliza, na nyingine. Akaamini. Wa kwanza katika kijiji kile. Akasema, "Mwalimu, nibatize."

Siku ya kubatizwa ikapangwa. Lakini asubuhi moja alimfuata mwalimu akiwa na uso uliokauka.

"Mwalimu, siwezi kusali."

"Kwa nini, bibi?"

"Nikifumba macho nasikia njuga."

Mwalimu hakuuliza njuga gani. Alikuwa anaisikia kila siku kama watu wengine. Akangoja. Nakiete akamwambia yote, manyunyu, zawadi, mama mkubwa, na lile swali lake la maneno matatu.

Mwalimu akaweka kitabu chake chini. Kisha akasema, "Bibi, Mungu alikuwa anajua kabla hujaniambia mimi. Hashtuki. Lakini mimi siwezi kukuingiza majini wakati yule mwanamke bado amefungwa na neno lako. Nenda kwake kwanza. Maji hayakimbii."

"Wakijua, watanitoa kwenye udongo. Mama wa moto akisema uongo juu ya moto, hagusi udongo tena mpaka afe. Ndiyo sheria yetu. Mimi sijui kazi nyingine."

"Najua."

"Unajua, halafu unaniambia niende?"

"Ndiyo, bibi. Na Yesu atakwenda na wewe. Hutavuka kijito peke yako."

Nakiete akavuka kijito. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Mbonea alipomwona alirudi nyuma, akageuza uso ukutani, maana Nakiete alikuwa amebeba chungu.

"Geuka, mwanangu."

"Bibi, nitakipasua."

"Hutakipasua. Hukupasua hata vile vya kwanza. Vilikuwa vibichi. Niligonga nikasikia, nikasema vimekauka. Kosa ni langu."

Mbonea hakugeuka. Nakiete alisikia njuga ikitetemeka kidogo.

"Miaka kumi na miwili, bibi."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshaamini kwamba nina jicho. Nikimnyonyesha mtoto nilikuwa nafumba macho, nisije nikamdhuru." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sasa hayo maneno uliyoniletea, nifanye nayo nini? Kesho kutwa wanamfunga Nanzia."

"Kesho kutwa utakuja ukae karibu na moto."

"Na vikipasuka?"

"Njoo tu, mwanangu. Nakuomba."

Kesho kutwa ikafika. Siku ya kuchoma. Jua limepanda, kijiji kizima kiko uwanjani. Kiondo ameshika njuga mpya, ndogo, ya mtoto. Nanzia amesimama na kamtungi kake kichwani, anaitazama ile njuga, hajui kama ni pambo au ni nini. Na kutoka kijitoni, cheng'e, cheng'e, cheng'e. Watu wakaanza kufunika vyungu.

"Funueni," akasema Nakiete.

Akasimama katikati, akasema yote. Hakuzungusha. Akasema, "Niligonga vikalia bu. Nikasema ngo kwa sababu nilitaka sifa. Vilipopasuka nikauliza nani amepita, nikawaacha mmalizie wenyewe. Mbonea hana jicho. Mimi ndiye niliyekuwa na uongo."

Kisha Kiondo akacheka, kicheko kikavu.

"Bibi, mafundisho ya yule kiguru yamekuingia vibaya. Wataka kututisha au kututia machozi? Mwanamke amefungwa njuga na wazee, wewe leo unasema ulikuwa mchezo."

"Haukuwa mchezo."

"Nani atakuamini? Ulisema uongo siku ile, leo tutajuaje?"

"Umesema kweli," akajibu Nakiete. "Neno langu limekwisha kuvunjika. Kwa hiyo msinisikilize mimi. Sikilizeni vyungu. Hivi ni vyangu, ishirini, vina majuma matatu kivulini. Kiondo, gonga wewe."

Jamani, haijawahi kutokea. Mwanamke kugonga baada ya mama wa moto. Kiondo akasita. Kisha akagonga. Ngo. Akagonga kingine. Ngo. Ngo. Ngo. Vyote ishirini. Sauti ya Kiondo ikapungua ukali.

"Vimekauka," akasema.

Nakiete akatoa chungu kingine, cha ishirini na moja. "Na hiki?"

Bu.

"Kibichi. Hata mtoto anajua."

"Nilikifinyanga jana jioni. Nacho kiwekeni kwenye kuni, lakini pembeni, mbali kidogo na vingine. Mbonea, njoo ukae hapa. Utazame moto. Usifumbe macho."

Mbonea akaketi, njuga mguuni. Wakawasha. Majani yakashika, fuu, fuu, moshi ukapanda. Watu wakarudi nyuma. Wengine walijifunika nyuso kwa khanga. Mbonea machozi yanamtoka, sijui kwa moshi au kwa lingine, lakini hakufumba. Mwalimu Elieza alikuwa amepiga goti mahali fulani nyuma, kwa ule mguu wake mzuri.

Wakangoja. Wakangoja.

Pa.

Watu wote wakaruka. Macho yote yakamgeukia Mbonea, kama miaka ile, vile vile. Mmoja akasema, "Mnaona." Mbonea akataka kuinuka akimbie. Nakiete akamshika bega.

"Kimoja," akasema. "Ngojeni."

Wakangoja. Moto ukala kuni. Hakuna kitu. Moto ukashuka. Hakuna kitu. Makaa yakaanza kufifia, majivu yakawa meupe, na jua likaanza kuegemea mlima. Kiondo mwenyewe akachukua mti mrefu, akavitoa kimoja kimoja. Akagonga kila kimoja. Ngo. Ngo. Ngo. Ishirini, vyekundu kama jua la jioni, vizima. Na kule pembeni vigae vya kile kibichi.

Kiondo alikuwa na ulimi, nilishawaambia. Siku hiyo haukufanya kazi. Aliitazama ile njuga ndogo mkononi mwake, akaitupa majivuni. Akapiga magoti akaikata ya Mbonea kwa kisu cha kukatia udongo. Ilikuwa imekaa muda mrefu, ngozi ya chini yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga.

Mbonea akapiga hatua moja. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akacheka, akatembea uwanja mzima, akazunguka moto, akarudi, akazunguka tena, na Nanzia nyuma yake, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na wa pili, na uwanja wote ukaitikia.

Lakini Nakiete alikuwa amekwenda kwenye beseni la maji. Ananawa mikono. Anaondoa udongo wa mwisho katikati ya vidole, taratibu, kama mtu anayeaga.

"Sheria ni sheria," akawaambia. "Nimesema uongo juu ya moto."

Hakuna aliyembishia. Sheria yao ilimpa neno la kusamehe yule tu aliyeonewa. Wakamtazama Mbonea.

Mbonea akaenda bandani. Miaka kumi na miwili hajaingia mle. Akarudi na bonge la udongo uliokandwa, bichi, zito, akaliweka juu ya ile mikono iliyokwisha kunawa.

"Bibi," akasema, "mimi bado napikia kigae. Nifinyangie chungu changu. Na umfundishe huyu Nanzia kugonga."

Nakiete akalia kama mtoto. Kisha akaketi chini, akaanza. Kanda, kanda, kanda.

Kesho yake akabatizwa kijitoni, na mtu wa pili kuingia majini, baada ya kufundishwa, alikuwa Mbonea, na hata Kiondo alifika, ingawa alisema amekuja kuangalia tu. Aliangalia majuma manne. La tano akaingia.

Tangu siku ile mama wa moto akigonga, kila mwanamke hugonga baada yake. Ndivyo alivyotaka Nakiete mwenyewe. Alisema neno lisiloweza kugongwa ni la kuogopwa.

Na njuga ya Mbonea? Haikutupwa. Walipojenga nyumba ya sala, ya udongo na majani, Mbonea aliitundika mlangoni. Kila Jumapili asubuhi anaitikisa mwenyewe. Cheng'e, cheng'e, cheng'e. Zamani watu waliisikia wakafunika vyungu. Sasa wanaisikia wanaacha vyungu, wanakuja.

Basi wajukuu zangu, chungu hakipasuliwi na anayepita nje. Kinapasuliwa na maji uliyoyaficha ndani yake. Ukiwa nayo, usitafute wa kumfunga njuga. Mwendee Bwana Yesu, kisha mwendee uliyemkosea, hata kama kuna kijito katikati. Utavuka na hofu, utarudi huna. Mimi nilichelewa kuvuka changu. Ninyi msicheleweshe.

Hapo ndipo naitua hadithi yangu, kama mtungi uliojaa. Mwenye kiu na achote.