Tangazo la Tatu

Tangazo la tatu halina la nne. Mmemsikia mwalimu wa kwaya akimwambia Gideoni hivyo, mkacheka, kisha mkanijia mimi kuuliza kauli hiyo imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa humu humu, katika kanisa letu la mjini kati, na mambo yalikuwa hivi.

Hezron Semkiwa alikuwa katibu wa kanisa, mgane, mtu wa kunyoosha tai mara mbili kabla ya kusimama. Yeye ndiye aliyesoma matangazo. Siku zile kila jambo lilisomwa Jumapili tatu: usafi wa uwanja, kipaimara, mkutano wa wazee, na ndoa pia, ambazo taratibu za kanisa zenyewe zinataka zitangazwe mara tatu. Basi waumini hawakuwa na haraka. Likisomwa la kwanza, watu walitafuta miwani. La pili, walinong'onezana. La tatu ndilo walilosikia. Ukimuuliza jirani katibu amesema nini, alikujibu, "Litasomwa tena." Na msemaji mkuu wa neno hilo alikuwa Hezron mwenyewe.

Maua ya madhabahuni yalipangwa na Naomi Mhina, mjane, mama yake Frida. Kila Jumamosi Hezron alimchotea maji. Miaka sita alichota. Alimpenda, tena sana, na kanisa zima lilijua, hata padre. Neno lenyewe ndilo halikumtoka.

Jumamosi moja Naomi alisema bila kuinua macho, "Katibu, kuna mtu wa Muheza ameniposa. Sijamjibu."

Hezron akaweka ndoo chini. "Jambo kubwa hilo, Mama Frida. Tutaliongea." Akaenda zake kufunga madirisha.

Hawakuliongea. Mwezi ukapita, na Jumapili moja padre akamkabidhi karatasi. Hezron akasoma: "Natangaza ndoa kati ya Wilbard Kihiyo, mgane, wa Muheza, na Naomi Mhina, mjane, wa kanisa hili. Mtu akijua kizuizi cha ndoa hii, aseme. Hii ni mara ya kwanza." Neno lilimfika ulimini. Lakini mazoea yana taabu: alijiambia, litasomwa tena.

Baada ya tangazo la pili alivaa koti, akaenda nyumbani kwa Naomi. Alikunywa vikombe viwili vya chai, wakazungumzia mawaridi yaliyokataa kuchanua, akaaga.

Jumapili ya tatu alisoma mpaka mwisho: "Hii ni mara ya tatu na ya mwisho." Kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka padre akakohoa. Naomi, kwenye benchi la nne, alikuwa akimtazama usoni. Hezron akakunja karatasi, akataja namba ya wimbo.

Ibada ilipokwisha alimkuta mlangoni, kati ya akina mama wenzake.

"Mama Frida, nilikuwa na neno."

"Nalijua. Nimelingoja miaka sita."

"Basi niliseme sasa."

Naomi akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemlowa. "Ungelisema siku ile ya ndoo, mtu wa Muheza angepata jibu jingine. Hata leo nilikutazama, Mungu anisamehe. Mara tatu umeuliza watu wote kama wana neno, na wewe mwenyewe unalo. Sasa basi. Katibu, tangazo la tatu halina la nne."

Akina mama walisikia, na mjua akina mama wa kanisa hahitaji kuelezwa zaidi. Kufikia Jumatano mji mzima ulikuwa ukiusema msemo huo. Ndoa ilifungwa mwezi wa sita, na maji ya maua ya siku hiyo aliyachota Hezron. Aliendelea kusoma matangazo miaka kumi na mmoja, lakini hakuna aliyemsikia tena akisema, "Litasomwa tena."

Ndiyo hivyo. Na wewe Gideoni, acha kuchezea kitabu cha nyimbo. Yule binti wa sauti ya pili anahamia Arusha Ijumaa, na mwalimu amekuambia leo mara ngapi? Tangazo la tatu, mwanangu, halina la nne.