Nguruwe na Maua ya Utupa

Haya jamani, nina ngano mdomoni.
– Iteme tuione!
Ni chungu, ni tamu?
– Vyovyote, twaimeza!

Palikuwa na Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Alikaa na mkewe na watoto kando ya kijito, wakilima muhogo. Kila muhogo ulipokomaa, Nguruwe alikuja. Fuku, fuku, anafukua. Kafu, kafu, anakula. Akishiba anasema, "Asante, jirani," anakwenda zake. Watoto wa Sange wanalala na njaa.

Msimu mmoja mkewe akamwambia, "Baba watoto, muhogo huu ukiliwa tena, nachukua wanangu narudi kwetu."

Sange akaenda porini, akachuma maganda makavu ya utupa, kile kichaka cha maua ya zambarau, ndugu yake mbaazi, ambacho wavuvi hutwanga majani yake kulevya samaki. Akapukuchua mbegu, akaziloweka, akaketi njiani amezikumbatia.

Nguruwe akaja. "Umeficha nini?"

"Si kitu, mzee wangu."

"Si kitu gani hicho kinachokumbatiwa?"

"Mbegu tu. Majani yake ni chakula cha wakubwa. Hupandwa kuzunguka muhogo, na muhogo wenyewe usiguswe, utupa usije ukashtuka. Lakini kazi yake nzito, mzee wangu. Wewe endelea na muhogo."

"Mkubwa hapa ni nani?" Nguruwe akauliza, akazinyakua.

Basi akalima. Fuku, fuku, anachimba. Fuku, fuku, anapalilia. Swala akisogea, anamfukuza. Sange yuko kivulini anamwambia, "Pole na kazi, mzee wangu." Muhogo ukanenepa chini. Utupa ukapanda juu, ukachanua, nyuki wakajaa, hata mke wa Sange akachomeka ua moja sikioni.

"Leo nakula," akasema Nguruwe. Akajaza mdomo. Kafu, kafu. Mara ulimi ukafa ganzi, tumbo likanguruma. Akatimka na majani mdomoni, akajitosa kijitoni, chubwi! Akatema, akasukutua, akatema tena. Punde samaki wakaanza kuibuka, wamelewa, matumbo juu. Nguruwe akavuka ng'ambo, akaenda moja kwa moja, wala hakugeuka.

Sange akaita taratibu, "Mama watoto, lete kapu."

Siku hiyo walikula muhogo kwa samaki, wakacheza mpaka watoto wakagaagaa kwa kicheko.

Ngano imefika kwake, nami nafika kwangu.
– Fika salama!

Na funzo lake, watoto: msile jasho la wenzenu kama Nguruwe, mtakuja kula utupa.