Mkaguzi wa Nyumba ya Bi Mjusi

Hadithi yangu, iingie?
— Iingie, mlango uko wazi!
Ina matope miguuni!
— Ijipanguse, iingie!

Basi hapo kale alikuwapo Bi Mjusi na nyumba yake ya udongo. Masika yakanyesha, yakanyesha, mpaka vyura wenyewe wakalalamika. Mvua ilipopumzika, Bi Mjusi akatoka kuizunguka nyumba. Loo! Ukuta wa mbele una ufa. Ukuta wa nyuma una ufa. Ubavuni udongo umebanduka, fito zinachungulia nje. Na ndani, chini ya ukuta huohuo, yapo mayai yake. Mvua nyingine ikija, ukuta chini, mayai kwisha. Bi Mjusi akaogopa sana.

Siku hizo mtu akitaka kukandika nyumba, hupika, akaita majirani. Wakishakandika, hula. Lakini safari hii majirani walikataa.

"Tutakandika sisi," akasema Panya, "halafu Fisi atakuja kula chungu kizima. Si ndiyo kawaida yake?"

Kweli, Fisi hakuwahi kushika udongo, wala hakuwahi kukosa chungu.

Bi Mjusi akawaza, mkia ukimcheza. "Basi njooni mle tu. Kukandika niachieni mimi."

Akainjika kwato za mbuzi, majirani wakajibanza ndani. Tokota, tokota, tokota! Harufu ikamfuata Fisi hukohuko kwake. Huyoo, puku puku puku!

"Hodi! Chakula kiko wapi?"

"Karibu, Bwana Fisi. Hakijaiva, na sijui kama kitabaki. Hebu nusa hapa ukutani."

Fisi akanusa ufa. Fff! "Mchuzi!"

"Ndio huo unaotoka. Nyumba imepasuka, utamu wote unakwenda na upepo."

"Utamu wangu?"

"Wako, bwana wee!"

Fisi nusura alie. Akachota udongo, akaukanyaga, pacha pacha, akaziba, pa! Akaenda ubavuni. Fff! Unatoka! Akachota, akaukanyaga, pacha pacha, akaziba, pa! Akaenda nyuma. Fff! Unatoka! Akachota, akaukanyaga, pacha pacha, akaziba, pa! Hata vitundu ambavyo Bi Mjusi mwenyewe hakuviona, pua ile ilivikuta.

Mwisho akasimama, jasho linamtiririka. Fff! "Bado unatoka!"

"Wapi?" akauliza Bi Mjusi, keshaingia ndani.

"Hapa mlangoni!"

"Ole wetu! Huo ndio ufa mkubwa kuliko nyufa zote!"

Fisi akachota, akaukanyaga, pacha pacha, akauziba mlango, pa!

Ndani wakala, wakalamba vidole. Kisha Panya akachimba njia chini kwa chini, majirani wakatokea kichakani, matumbo mbele. Bi Mjusi akabaki na mayai yake, ukuta mzima, roho kwatu.

"Bi Mjusi!" Fisi akaita. "Kimeiva?"

"Kimeiva zamani!"

"Nifungulie!"

"Bomoa uingie. Ila ukibomoa, mchuzi wote utatoka."

Fisi akainua mkono. Akaushusha. Mvua ikarudi, ikamkuta palepale, amelowa chapachapa, anapapasa ukuta asije akaacha hata tundu.

Hadithi yangu, itoke?
— Itoke!
Ipite wapi, na mlango Fisi kauziba?

Haya, funzo lenu watoto: fanyeni kazi kwa bidii, maana atokwaye jasho ndiye anayekula akashiba. Asiyeniamini, akamwulize Fisi.