Pini ya Boti ya Byabato

"Pini ikivunjika, shukuru." Nimemwambia Kemilembe maneno hayo simu yake ilipoanguka hapo ngazini, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Simu nzima, kioo kizima, kilichopasuka ni kile kibandiko cha kukinga kioo tu, na mtoto analia kama aliyefiwa! Haya, futa machozi. Na wewe Alinda uliyeuliza pini gani, sogea hapa. Methali hii haikutoka kwa wahenga msiowajua. Ilitoka humu humu nyumbani, nami nilikuwepo. Ilianza hivi.

Babu yenu Katabaro, mume wangu, alikuwa na baba mkali, jina lake Byabato. Ujanani Byabato alikuwa na boti ya faiba, nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni, na nyuma yake mashine ya kuwasha kwa kamba. Ilikuwa boti ya mbio. Ikipita, watu wa Kemondo waliacha kazi wakatazama. Kwa boti hiyo alivuka ziwa kwenda kisiwani kumwona mama yake, aliyeishi kwa binti yake Kokugonza, dada pekee wa Byabato.

Basi mama akafariki kisiwani, na siku zile ziwa likachafuka. Byabato akatuma maneno wamsubiri, maana alitaka mama azikwe huku, kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo. Kokugonza angesubirije? Maiti haingoji ziwa litulie. Akamzika. Byabato alipofika alikuta kaburi, na mbele ya waombolezaji wote akaapa kwamba hatakanyaga kisiwa kile tena maisha yake yote. Akarudi, akaivuta boti mpaka migombani, akaiacha. Nilipoolewa hapa kuku walikuwa wanatagia humo, nami nikadhani ni banda lao.

Miaka ikapita mingi. Asubuhi moja tukapata habari kwamba Kokugonza anaumwa, hasimami bila kushikwa. Byabato alikunywa uji wake mpaka ukaisha, ndipo akauliza, "Katabaro, boti yangu bado inaelea?"

"Baba, boti za abiria zipo," mume wangu akamjibu.

"Niliondoka kule kwa boti yangu. Nikirudi, nitarudi kwa boti yangu."

Hakusema anarudi kufanya nini, na sisi nani tumuulize?

Katabaro alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Faiba hakuijua, ikabidi ajifunze. Tukafukuza kuku, tukasugua mavi yao, nikapiga msasa mpaka viganja vikachubuka. Nyufa alizibandika kwa vitambaa vya faiba na gundi inayonuka hadi kichwa kinauma. Mashine aliifungua yote, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaweka mpira mpya wa pampu ya maji. Kisha akaifunga kwenye pipa lililojaa maji, akavuta kamba. Kimya. Akavuta, akavuta, akaitukana. Mara ikakohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikanguruma! Baba mkwe alikuwa amesimama na fimbo yake. Akageuza uso upande wa migomba. Nilimwona akijifuta macho, nami nikajifanya naokota kuni.

Shida ikabaki kwenye pini. Propela ya mashine zile za zamani, ile feni inayosukuma maji, hushikwa na kipini cha shaba, chembamba kuliko penseli. Tulipoijaribu boti, kipini kikavunjika kwenye kisiki kilichozama. Akaweka kingine, kikavunjika kwenye jiwe. Sasa mwambie fundi wa mageti kwamba kazi yake imevunjika mbele ya watu! Alirudi amenuna, hata chakula hakula, akakata pini ya chuma kigumu kabisa.

Siku ya safari, mimi nimekaa na sufuria yangu ya ndizi mapajani, baba mkwe naye ameshakaa, Katabaro akajigamba. "Baba, leo tulia. Pini niliyoweka haivunjiki hata tukigonga mlima."

Mzee akainuka. "Nishushe."

"Baba!"

"Nishushe, nimesema. Unadhani aliyeunda mashine hii alikosa chuma? Ukigonga jiwe, lazima kitu kivunjike. Kikivunjika kipini, unaweka kingine unakwenda zako. Kipini kikikataa kuvunjika, zinavunjika gia. Na gia za mashine hii utazipata wapi leo? Kitu kidogo kikijifanya kigumu, kinaua kikubwa."

Alipofika hapo akageuka, akatazama upande wa kisiwani muda mrefu. Nilidhani anasikia baridi, nikamfunika kanga yangu.

Katabaro akarudisha kipini cha shaba huku ananung'unika, na mzee akatia vingine kwenye mfuko wa shati lake. Tukaondoka. Boti ile, wajukuu zangu, ilikata maji vizuri! Tulipokaribia kisiwa, mpaka tunasikia mbuzi wao, tukagonga mwamba. Mashine ikapiga kelele, lakini boti haiendi.

"Si nilisema?" Katabaro akafoka. "Aibu gani hii, na watu wako ufukweni wanatutazama!"

Mimi nilikuwa nimeshawataja watakatifu wote ninaowajua.

"Angalia gia," mzee akasema kwa upole.

Katabaro akainua mashine, akazungusha kwa mkono, akasikiliza. Gia nzima. Kilichokatika ni kipini tu. Baba mkwe akatoa kingine mfukoni, kisha akavua kofia, akaweka kiganja juu ya mashine, akasema, "Asante." Anaishukuru mashine! Mume wangu akanitazama, nami nikatazama sufuria yangu.

Tukafika. Kokugonza alikuwa amekalishwa kwenye mkeka ufukweni, binti zake wamemshika huku na huku. Hakumsalimu kaka yake.

"Mbona mlisimama pale? Nilidhani unageuza urudi."

"Pini ilivunjika, dada."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kidude kidogo, laini. Huvunjika ili mashine isivunjike."

Byabato alikuwa bado ndani ya boti, mguu mmoja ameutoa nje, hajaushusha.

"Na kile kiapo chako?" dada yake akauliza.

Baba mkwe akashusha mguu, akakanyaga mchanga wa kisiwa kile mbele ya macho yetu sote.

"Nacho kimevunjika."

Loo! Kokugonza alilia huku anacheka. Akaagiza kikapu chake cha kahawa, akampa kaka yake buni za kutafuna kwa mkono wake mwenyewe, kama tunavyompokea mgeni tuliyemngoja sana. "Basi shukuru, mwana wa mama," akamwambia. "Pini ikivunjika, shukuru." Wakaenda pamoja kaburini kwa mama yao, yeye anashikwa na binti zake, mzee anashikwa na mimi. Walikaa pale mpaka ndizi zangu zikapoa, na sikukasirika hata kidogo.

Kokugonza aliishi mpaka mvua za masika zikaisha. Kaka yake alivuka kwenda kumwona kila ziwa lilipotulia, na siku ya dada ilipofika, kaka alikuwa amemshika mkono. Namshukuru Mungu kwa kipini kile mpaka leo.

Kemilembe, hao binamu zako wa kisiwani wanaokuletea senene, wale panzi wa kukaanga, kila msimu, wanaokuita dada, ungewajulia wapi? Haya, bandua hicho kibandiko, tutaweka kingine. Na ile jeuri uliyonayo kwa Alinda tangu juzi, hamsemeshani ndani ya nyumba yangu, hiyo nayo ivunje leo hii hii. Pini ikivunjika, shukuru.