Kuba Lililokatazwa Nguzo

Isome hii ukiwa umekaa, kisha mpelekee yule ndugu yako asiyesemeshana na jirani kwa sababu ya mpaka.

Palikuwa na mji mtakatifu uitwao Tahira, na katikati yake kuba lenye kaburi la mtume wa kale. Watu wa Mlimani walisema mji ni wao. Watu wa Bondeni wakasema hao wa Mlimani ni wageni waliosahau kuondoka. Kesi ikaenda kwa kadhi mkuu, ikakaa huko mpaka ikaota ukungu.

Sheria ya mji ilikuwa hii: anayetengeneza kitu ndiye mwenye kitu. Kwa hiyo, mpaka hukumu itoke, ilikuwa marufuku kugusa hata jiwe la kuba.

Mwasha taa wa kuba alikuwa mzee Makame. Mkewe, Bi Shemsa, kila akimpelekea uji aliiona boriti imepinda, inamwaga unga wa mchwa.

"Toka humo, mume wangu. Paa hili litakuzika bure."

"Nikitoka taa itazimika. Ikizimika, watauana kwa kugombania nani aiwashe. Niache."

Bi Shemsa akaenda kwa kadhi.

"Naomba nguzo moja tu, niegemeze boriti."

"Wewe bibi ni wa upande gani?"

"Upande wa mke. Nina mume mle ndani."

"Ukisimamisha nguzo, kesho watu wako watasema kuba ni lao. Subiri hukumu."

"Na boriti umeiambia isubiri?"

Askari wa kadhi wakamtoa nje.

Wiki haikwisha, kuba likaanguka. Makame akasikika chini ya mawe, anaita. Pande zote zikaja mbio, kisha zikasimama. Atakayeinua jiwe la kwanza si atakuwa ametengeneza? Wakashikana mashati palepale juu ya kifusi. Bi Shemsa alifukua peke yake kwa kucha, askari wakimvuta nyuma. Sauti ikafifia. Ikakoma.

Hapo ndipo mawe yalipoondolewa upesi na pande zote mbili, na kila mtu akamtaka Makame.

"Amekufa shahidi, ni wetu huyu! Tutamzika hapa!"

"Wenu tangu lini? Ni wetu!"

Maana sheria ilisema pia: mwenye kaburi mahali ana dai la mahali hapo.

"Alipokuwa anaita hakuwa wa mtu," akasema Bi Shemsa. "Leo ndiyo amekuwa mtamu?"

Wakiwa bado wanabishana, akamviringisha mumewe kwenye mkeka, akamtoa nje ya ukuta kwa mkokoteni wa punda, akamzika kwenye jalala la majivu. Pale hapakuwahi kutakiwa na mtu.

Asubuhi alirudi na kata ya maji kumwagilia kaburi. Akawakuta wapimaji wa Mlimani upande wa kichwa, na wapimaji wa Bondeni upande wa miguu, wote na kamba zao.

"Bibi, sogea kidogo," mmoja akamwambia. "Umekanyaga mpaka."

Funzo: Ukiona watu wanapapenda mahali patakatifu kuliko roho ya aliyemo, jua utakatifu umeshahama; kilichobaki ni kiwanja.